Sekunde Kumi na Moja za Rais

Kwa miaka ishirini na miwili marais watatu walikohoa na kumbukumbu za nchi hazikubaki na kikohozi hata kimoja. Walikohoa, walipenga kamasi, walikwama kwenye tarakimu, na mmoja aliwahi kumtukana mshika kipaza sauti akidhani kimezimwa. Yote hayo yaliishia Chumba Namba Nne cha redio ya taifa, mikononi mwa mama mmoja mfupi aliyevaa sweta hata siku za joto, maana kiyoyozi cha chumba kile kiliwekwa kwa ajili ya mitambo, si kwa ajili ya binadamu. Wenzake walimwita Mkasi. Jina lilianza enzi za utepe, alipokuwa anakata sauti kwa wembe na kuziunga kwa gundi. Kompyuta zikaja, wembe ukatupwa, jina likabaki.

Kazi yake ilikuwa hivi. Rais akihutubia, hotuba ilitoka moja kwa moja mara moja tu, pamoja na uchafu wake wote. Baada ya hapo Mkasi aliisafisha, na ile safi ndiyo iliyorudiwa saa moja jioni, ndiyo waliyopewa watu wa magazeti, ndiyo iliyowekwa maktaba. Kwa sheria ya redio, hotuba ya Rais ni ile safi. Ile chafu ilifutwa siku ya saba ili kupata nafasi. Kila alipokata kitu alijaza fomu yenye visanduku vinne: kikohozi, kigugumizi, kelele, mengineyo. "Mengineyo" ilihitaji maelezo na sahihi ya mkuu wa idara, kwa hiyo tangu redio ianzishwe hakuna aliyewahi kuitia tiki. Nchi nzima ilikuwa na marais wenye mafua tu.

Sauti aliiona kwenye kioo cha kompyuta kama milima na mabonde. Neno "amani" alilijua kwa umbo, kilima kidogo, kilima kikubwa, mkia. Angeweza kulitafuta akiwa amezima spika. Na miaka ile mitatu ya mwisho vilima vya namna hiyo vilijaa, maana Rais alikuwa mbioni kutafuta amani na watu wa msituni. Leo yuko nchi jirani anashikana mikono na kamanda, kesho yuko hotelini anasaini karatasi, keshokutwa karatasi imechanika na yeye yuko hewani tena anaomba subira. Hotuba moja ilikuwa na "amani" arobaini na moja.

"Mama, hii amani ingekuwa mvua tungeshazama," alisema Fundi, kijana wa mitambo aliyekaa upande wa pili wa kioo.

"Punguza mdomo, kaza waya," Mkasi alimjibu.

Si kwamba alimdharau Rais. Hakumdharau wala hakumwamini. Muuza mikate hasikii harufu ya mkate, na Mkasi hakusikia hotuba. Alijua Rais anavuta pumzi wapi na meno yake ya mbele yanapuliza herufi gani. Ukimuuliza Rais kasema nini, alilazimika kusoma karatasi.

Nyumbani ilikuwa kinyume. Mama yake mzazi, aliyeishi naye tangu mume wa Mkasi afariki, aliketi na redio mapajani na kulia kila Rais alipofika kwenye neno "wanangu."

"Umesikia alivyosema?" mama aliuliza akijifuta kwa upindo wa nguo.

"Nimesikia, Mama. Mara nane."

"Wewe una moyo wa jiwe la kusagia."

Mkasi akaenda kuosha vyombo.

Machozi ya mama yalikuwa na mwenyewe. Mtoto wake wa mwisho, ambaye kila mtu alimwita Kitinda, alikuwa askari. Miaka miwili nyuma, akiwa mstari wa mbele, aliweka bunduki yake juu ya kitanda, akalikunja blanketi vizuri, akatembea mpaka akavuka mpaka. Sasa alikuwa nchi ya jirani akipanga mbao kwenye kiwanda, na akirudi kwao alikuwa na miaka kumi na tano ya jela inayomsubiri. Alipiga simu kila Jumapili. Mama aliuliza "Lini?" naye alijibu "Wakinisamehe," kisha wakaongea habari za magoti ya mama.

Siku ya kusaini mkataba ilikuwa Jumamosi. Rais alihutubia uwanjani asubuhi. Mkasi alikuwa Chumba Namba Nne na vipokea sauti masikioni, nakala ya hotuba mbele yake, akifuata kwa kalamu. Rais alisoma dakika kumi na tisa sawasawa na karatasi. Halafu mchakacho wa karatasi ukakoma. Mkasi akajua kwamba amevua miwani.

"Na askari aliyetoroka kikosi," Rais alisema, akanyamaza. "Naye ni mtoto wetu. Alichoka." Akanyamaza tena. "Arudi nyumbani. Hakuna atakayemgusa."

Uwanja ulikuwa kimya kama watu wote wameondoka, kisha ukalipuka.

Fundi alivua vipokea sauti, mdomo wazi. "Mama, hiyo ipo kwenye karatasi?"

"Haipo."

"Sasa je!"

Mikono ya Mkasi ilikuwa imeshaweka alama mbili kwenye kioo, moja mwanzo na moja mwisho, kama ilivyofanya kwa kitu chochote kisichokuwa kwenye karatasi. Sekunde kumi na moja.

Saa sita mchana alifika bwana mmoja wa habari kutoka Ikulu, waliyemwita Kitambaa kwa sababu hakuacha kujifuta jasho, hata mle ndani ya baridi.

"Dada Mkasi, za kazi?"

"Salama, kaka. Karibu."

"Dakika ya kumi na tisa," alisema akivuta kiti. "Kile kipande. Wakubwa wa jeshi wamekuja juu, huko hakukaliki. Wanasema Mheshimiwa aliteleza."

"Aliteleza au alisema?"

"Dada, mimi ni wa kubeba ujumbe. Maswali yana watu wake."

Ilichukua dakika nne. Alikata, akachukua nusu sekunde ya vigelegele kutoka mahali pengine, akaipitisha juu ya kiungo ili sikio lisikwazike. Aliicheza mara mbili. Rais alitoka kwenye ujenzi wa barabara akaingia kwenye shukrani kwa nchi rafiki kama maji.

"Hee!" Kitambaa alisema. "Hata mimi sasa sina uhakika kama alisema."

"Nijaze nini kwenye fomu?"

Kitambaa aliisoma, akajifuta. "Mengineyo inataka sahihi ya mkuu. Mkuu wenu yuko uwanjani anakula itifaki. Weka kelele."

Mkasi akatia tiki. *Kelele za uwanjani, sek. 11.* Akasaini.

Moyoni alikuwa amemkumbuka mdogo wake, tusimsingizie. Alipanga kumwambia asije. Lakini Kitinda ndiye aliyezoea kupiga, kutoka kwenye simu ya kiwanda, siku ya Jumapili, na kiwandani hawakupenda wafanyakazi kupigiwa. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nitamwambia kesho, aliwaza, akafunga sweta vifungo.

Alipofika nyumbani saa tisa alikuta godoro limeanikwa uani.

"Mama, godoro la nani hilo?"

"La mdogo wako." Mama alikuwa amevaa nguo yake ya kutokea na viatu vya kufunga. "Amepiga saa tano, hakungoja Jumapili, naye kasikia redio huko. Nimemwambia panda gari."

"Mama!"

"Mama nini? Si Rais kasema! Au wewe unayefanya kazi humo humo hukusikia?"

Mkasi alipiga kiwandani. Sauti ya mtu mwenye haraka ikamwambia yule bwana ameshachukua begi lake, ameagana na wenzake. Alikaa kwenye ukingo wa godoro. Lilikuwa na joto la jua.

Saa moja jioni mama alifungua redio ili asikie tena kwa raha zake. Alisikiliza barabara. Alisikiliza shukrani kwa nchi rafiki. Akaitazama redio, akaigonga ubavuni.

"Imeruka."

"Haijaruka, Mama."

"Imeruka nakwambia. Betri hizi." Akainuka akatafuta betri mpya, akabadilisha zote nne huku hotuba ikiendelea, akakaa kusubiri. Mkasi alimwangalia mpaka wimbo wa taifa ulipopigwa.

Kitinda alivuka Jumapili saa mbili asubuhi. Inasemekana alimpigia saluti askari wa zamu na kusema, "Nimerudi, kama Rais alivyosema." Askari wa zamu naye alikuwa amesikia. Alimpa kiti, akamwuliza kama amekunywa chai, halafu akapiga simu kwa mkubwa wake. Mchana wake Kitinda alikuwa mahabusu ya kambi.

Wiki ile mjini kulikuwa na mabishano ya ajabu. Watu elfu arobaini walikuwa uwanjani, na wengine wasiohesabika walisikia redioni, lakini magazeti hayakuwa na kitu. Jumatatu kinyozi alisema Rais kasema. Jumatano alisema nadhani alisema. Ijumaa mteja mmoja alimwambia aache kumtia Mheshimiwa maneno mdomoni, na kinyozi akaomba radhi. Wakili wa jeshi aliyepewa kumtetea Kitinda alimwambia mama wazi wazi kwamba mashahidi wa masikio hawatafaa, kila mtu alisikia lake, mahakama itataka kanda. "Kama kauli ipo, mwanao yuko nyumbani," alisema. "Kama haipo, ni miaka kumi na tano, na mimi siwezi kufanya miujiza."

Sasa hapa ndipo mtu anaposhika kichwa. Maneno ya wakili Mkasi aliyajua tangu siku ya Jumanne. Ile hotuba chafu, yenye kila kitu, ilikuwa kwenye mashine yake, hatua mbili kutoka kwenye kiti chake. Alisema ataitoa nakala. Alimwambia hata mama kwamba ataitoa. Kila asubuhi alimkuta mkuu wa idara mle chumbani, au Kitambaa, au yeye mwenyewe hana nguvu ya kunyoosha mkono. Kisha ikafika Jumamosi.

Jumamosi aliingia na kikombe cha chai, akawasha, akaweka kikombe kushoto, akafungua orodha ya vilivyotimiza siku saba, akateua vyote, akafuta, kama alivyofanya Jumamosi elfu moja na zaidi. Mashine ikamwuliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo. Alikunywa chai. Ilipofika nusu ya kikombe ndipo alipokiweka chini.

Fundi alimwona kupitia kioo, akaja. "Mama, vipi? Unaumwa?"

"Nimefuta."

"Umefuta nini?" Fundi aliangalia kioo cha kompyuta. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Ngoja nijaribu kuirudisha." Alijaribu mpaka mchana. Mitambo ile ilikuwa mizuri, ikifuta imefuta.

Mkasi alisubiri kulia. Alikaa na mikono mapajani akisubiri, kama mtu anayesubiri kupiga chafya, na kilio hakikuja. Saa tisa akaenda nyumbani.

Barua ya mahakama ya jeshi ilifika redioni Jumatano. Walitaka nakala ya hotuba kutoka maktaba na cheti kimoja kinachosema hakuna kauli yoyote ya Rais iliyoondolewa. Mkuu wa idara alimwekea Mkasi mezani cheti kilichokwisha kupigwa chapa.

"Sahihi yako tu hapo," alisema, akaondoka haraka.

Fundi alisubiri mlango ufungwe. "Mama, nikwambie kitu kama mwanao? Ukisaini, mdogo wako kwisha. Usiposaini, umemwaga unga, na umebakiza miaka mitatu ustaafu. Na hata ukienda kule ukasema ukweli, una nini mkononi? Fomu yako mwenyewe inasema kelele."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa nitakwenda nikaseme nimefanya nini. Kingine sina."

Cheti kilirudi bila sahihi, na Mkasi akaitwa kutoa ushahidi. Mahakama ilikuwa darasa la kambi, na madawati yalikuwa madogo, kwa hiyo maofisa waliketi magoti yakiwa juu. Meja mwenye mvi alikuwa mkuu wa baraza. Luteni kijana mwenye sauti kali ndiye aliyeendesha mashtaka. Karani alipiga taipu pembeni. Kitinda alikuwa amekonda na nywele zake zilikuwa zimenyolewa vibaya. Alitazama ubao ulioandikwa jinsi ya kusafisha kichujio cha maji.

"Shahidi," luteni alianza, "kuna kauli ya Mheshimiwa Rais iliyoondolewa kwenye hotuba hii?"

"Ipo."

Taipu ilinyamaza, ikaendelea.

"Fomu yako, yenye sahihi yako, inasema kelele za uwanjani."

"Nilijaza mimi. Niliandika uongo."

"Unakubali wewe ni mwongo?"

"Kwa kipande hicho, ndiyo."

"Iko wapi rekodi?"

"Nimeifuta."

"Umeifuta!" Luteni aligeuka kuwatazama wenzake kama mtu aliyepewa zawadi. "Mama, umekata, umedanganya, umefuta. Sasa hapa umeleta nini?"

"Ninayo kichwani."

Mtu alicheka nyuma. Wakili wa jeshi aliinamisha uso. Meja alisema, "Hebu sema."

Mkasi hakuwahi maishani kusema mbele ya watu zaidi ya watano. Hakuinua sauti. Hakutia chumvi wala huzuni. Alisema tu vile ilivyokuwa kwenye kioo, kila kilima mahali pake. Aliposema "Na askari aliyetoroka kikosi" alivuta pumzi pale Rais alipovuta. Alipofika kwenye kimya alinyamaza urefu ule ule, na darasa zima likanyamaza naye. "Naye ni mtoto wetu. Alichoka." Kimya cha pili kilikuwa kirefu zaidi. "Arudi nyumbani. Hakuna atakayemgusa." Herufi zile zilizokuwa zikipulizwa na meno ya Rais alizipuliza. Alipomaliza, karani alikuwa amesimamisha vidole hewani, na askari aliyesimama mlangoni alikuwa amejiweka sawa, mkono ubavuni, bila kujua.

Ilikuwa dhahiri kwamba wote waliwahi kuyasikia. Kila mtu mle ndani, hata luteni, alikuwa na redio siku ile.

"Mheshimiwa," luteni alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua, "naomba iandikwe kwamba shahidi ameigiza sauti ya Mheshimiwa Rais."

"Iandikwe," meja alisema. Alivua kofia, akaiweka juu ya dawati dogo. "Na aliyoyaigiza yaandikwe pia. Mama, rudia. Polepole, karani akufuate."

Akarudia. Taipu ikapiga neno kwa neno. Yakawa karatasini, kwa mara ya kwanza, na muhuri wa jeshi juu yake.

Baada ya hapo hakukuwa na hukumu. Faili lilipanda ngazi na hakuna aliyetaka kulala nalo. Ukiandika mtu huyu ana hatia, umeandika kwamba Rais alidanganya watu uwanjani. Ukiandika hana hatia, umeandika kwamba Rais alisema, na kwamba wengine walimkata ulimi. Kwa miezi minne faili lilizunguka kama kiti cha kinyozi. Mwisho mwenye akili mmoja akapata njia: Kitinda aliachishwa jeshi kwa sababu za kiafya. Cheti chake kinasema ana tatizo la usikivu.

Mkasi hakufukuzwa, kwa sababu kumfukuza kungetaka maelezo ya maandishi. Alihamishiwa matangazo ya vifo. Huko hakuna wa kukohoa. Amani nayo ilikuja kwa namna yake, yaani milio ilipungua, barabara ya kaskazini ikafunguliwa, na Rais akaendelea kuhutubia. Kijana mwingine anamsafisha. Mkasi akimsikiliza anasikia viungo vyote.

Kitinda alipotoka, wiki ya kwanza alilala. Wiki ya pili alipata miadi ya kazi kwenye karakana ya milango, na mchana mmoja alikuwa anapiga pasi shati mezani, mama akiwa kwa jirani. Mkasi alikuwa anachambua mchele. Alikuwa akingoja ugomvi huu tangu siku ya kwanza na ameandaa majibu yote.

"Dada."

"Abee."

"Ile ya kufuta. Mama kanisimulia."

"Ndiyo."

"Haya." Alinyunyiza maji kwenye kola. Mkasi alingoja, lakini Kitinda alikuwa amemaliza.

"Hukasiriki?" aliuliza mwisho.

"Nilitafuta hasira, sikuipata. Labda itakuja." Pasi ilipita, mvuke ukapanda. "Wewe unadhani alimaanisha? Rais."

"Sijui. Mimi nilikuwa mtu wa sauti."

"Mimi ningerudi hata kama asingesema hakuna atakayenigusa. Hicho nilijua ni cha siasa." Aligeuza shati. "Ni lile neno la katikati. Miaka miwili wameniita mwoga, msaliti, sijui nini. Wewe na mama mkiniuliza lini, lini. Yule mzee hanijui hata sura, akasema nilichoka."

Mkasi aliweka ungo chini. Alikuwa amelitamka neno lile mara mbili mbele ya maofisa, na pumzi zake zote, na hakuwa amelisikia.

"Ulichoka?" aliuliza.

"Sana," Kitinda alisema, akaanza mkono wa pili wa shati.